Sikio la Kushoto

Risasi naichukua mwaloni Kirumba,
chubwi kuukuu zilizokatika nyavuni,
kilo kwa bei ya maelewano.
Kiswahili hakioni haya: risasi ni hii
inayozamisha wavu, na risasi ni ile.
Naiyeyusha kwenye sufuria isiyopika tena ugali,
hapa Makoroboi, kibanda cha pili toka kwa wakata bati,
alipofulia baba koroboi
mpaka mapafu yakamgomea.

Mimi nafua askari.
Kimo cha kidole cha kati, vazi la gwaride:
tarbushi nyekundu, kishada cheusi,
mkanda, vifungo saba.
Si sita. Sita ni kikosi kingine,
na Bwana Vasanji huhesabu kwa lenzi ya sonara.
Kila kifungo ni ncha ya sindano
na pumzi niliyoizuia.

Aliagiza kumi na wawili. Kielelezo ninacho:
picha ya babu Luhende, sandukuni,
kati ya stakabadhi za pamba na rozari isiyo msalaba.
Amesimama kama aliyemeza ufito.
Nishani kifuani, kulia. Singe kiunoni, kulia.
Sikio la kulia, nusu.
Buti zinameta hata kwenye karatasi iliyoliwa na mende.
Kumi na mmoja niliwapa masikio mazima.
Wa mbele nilimpa lake,
maana uongo, nilijiambia, huanza
fundi anapoona haya kuchonga kovu.

Jumamosi shangazi Nkwimba akashuka meli ya Nansio
na mfuko wa furu wakavu, macho yana ukungu.
Nikamtia yule wa mbele kiganjani.
Akampapasa kama anayechambua mchele gizani.
Dole gumba likasimama.

“Nani huyu?”
“Baba yako.”
“Baba alikatwa la kushoto.
Nililala bega lile utoto wangu wote
nikilichezea mpaka usingizi unichukue.”

Nikaitoa picha. Nikaipeleka kwenye kioo cha kunyolea.
Ndani ya kioo babu akakaa sawa:
nishani juu ya moyo, singe mahali pake,
vifungo vikafunga upande wa wanaume.
Mtu fulani, chumba cha giza, zamani,
alilaza kigae kifudifudi, akaenda kula.
Nami nimefua kikosi kizima
kinachopiga saluti kwa mkono wa kushoto.

Nikampigia Bwana Vasanji.
“Shija, walete hivyo hivyo. Nani atajua?
Kabati lenyewe liko nyuma ya mlango.”
Yeye! Wa lenzi!

Shangazi anambua furu magamba, hanitazami.
“Na hizo buti ulizomvisha.”
“Ziko pichani, shangazi.”
“Zilikuwa za mpiga picha. Jozi moja.
Walipokezana, foleni nzima.
Mwenye mguu mkubwa alikunja vidole ndani.
Baba alikwenda vitani peku, akarudi peku.
Alikuwa akituhadithia ya buti, tunacheka naye.
Ya kurudi hakutuhadithia.”

Basi nikachochea mkaa.
Walilegea mmoja mmoja, vishada kwanza,
kisha mabega, kisha zile buti,
rangi nyekundu ikaelea juu kama utando wa maziwa.
Nikaikwangua kwa kijiko.

Umeme umekatika tangu saa mbili.
Nimewasha koroboi ya baba, ile yenye kovu la chokaa,
moshi wake unanikuna koo palepale ulipomkuna yeye.
Vifungo vilikuwa themanini na vinne, na nililalamika.
Vidole vya miguu ni mia na ishirini,
kila kimoja chembe ya uwele,
na hakuna kitabu cha mavazi ya jeshi
kinachosema vilikaaje: vilipanuka kwa mwendo,
au vilibanana, vikikumbuka buti ya dakika tatu?

Cha sita kimekatika. Narudia.
Shangazi amelala na furu zake.
Asubuhi, kabla hajanawa uso, nitamwuliza.